Nyumba Ifuate Migomba

Nyanga, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Kokushubira,

"Nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji haiogopi tetemeko, Baba. Kinachoanguka ni misonge ya nyasi."

Hayo ni maneno ya Kamugisha, mtu atakayekuwa mumeo kesho kabla ya chakula cha mchana. Aliyasema hapa sebuleni kwangu, mbele ya wazee wake, mikono magotini, sauti ya chini kama inavyompasa mkwe. Kwa adabu nampa alama zote. Kwa maneno yenyewe simpi hata moja. Amekosea juu ya nyumba, amekosea juu ya tetemeko, na kosa lililo baya kuliko yote ni kwamba anataka kukulaza wewe juu ya mchanga ule wa ziwani, chini ya Muleba, alikokwisha kupigilia mambo, vile vigingi vya kupimia msingi.

Shangazi zako wamekufundisha yote ya jikoni na ya chumbani, na wengine wamefundisha kwa sauti hata mimi nimefundishika bila kutaka. Hayo siyarudii. Jua linazama, wanawake wanamenya ndizi nyuma ya nyumba na wanacheka kuliko wanavyomenya, nami nimekaa dirishani na kalamu. Lori la kesho halisubiri wasemaji, na unanijua, nikianza kusema sitamaliza. Afadhali niandike. Karatasi ina mwisho.

Nilikuwa kijana kuliko Kamugisha alivyo sasa. Nilikuwa karani wa mizani katika ghala la kahawa kule chini mjini, kwenye tambarare ya ziwa, mahali ambapo ukichimba shimo la kina cha mkono maji huja yenyewe kukuamkia. Ghala lilikuwa jipya: matofali ya kuchoma, bati linalong'aa, sakafu ya saruji ambayo wakulima waliokuja na magunia walivua viatu kabla ya kuikanyaga, wale waliokuwa na viatu. Nami nilikuwa na kalamu sikioni na nilidhani dunia imemaliza kujengwa.

Ilikuwa mchana, foleni imefika barabarani. Kwanza tukasikia ngurumo, kama lori linalopanda mlima na gia ndogo. Mnyororo wa mizani ukaanza kucheza. Mkulima mmoja akageuka kwa hasira, "Nani ananisukuma?" Hakuna aliyekuwa akimsukuma. Tukatoka mbio. Huko nje, mwanangu, ndiko nilikoona kitu ambacho sijaacha kukibishania hadi leo.

Ardhi haikupasuka kama inavyopasuka katika hadithi. Ililegea. Uwanja tuliokuwa tukipitisha mikokoteni juu yake kila siku ulitokota kama uji unaokaribia kuiva. Hapa na pale maji yaliruka pamoja na mchanga mweusi, yakaacha vichuguu vidogo vyenye tundu katikati. Mguu wangu ulizama hadi gotini mahali ambapo asubuhi nilisimama nikimkemea mtu. Na ukuta wa ghala wa upande wa ziwa ulianza kushuka. Sikusema kuanguka. Ulishuka, ukainama, ukalala mzima mzima bila ufa hata mmoja, kama mzee anayejinyoosha baada ya kula. Wakati kizito kinashuka, chepesi kilikuwa kinapanda: pipa tupu tulilofukia nyuma kwa ajili ya choo cha makarani liliibuka taratibu, likakaa juu ya ardhi likitutazama. Kwa rehema za Mungu choo kilikuwa hakijaanza kutumika.

Hakufa mtu siku ile. Kahawa ililowa, karani akalia, ndiyo hasara yote. Siku ya pili nikapanda Kaagya kumtazama bibi yako. Nilimkuta mlangoni mwa msonge wake anapepeta maharage.

"Limekufika tetemeko, Ma?" nikamuuliza.

"Limefika. Maharage yaliruka kwenye ungo, nikayaokota."

"Na nyumba?"

"Imedondosha mende. Nimewafagia."

Hivyo tu. Tetemeko ni lile lile, siku ni ile ile. Msonge wa nyasi ulisimama juu ya mlima, na ghala la matofali likalala juu ya mchanga. Kamugisha anasema kinachoanguka ni misonge. Mimi nilikuwepo, na yeye alikuwa bado mgongoni kwa mama yake.

Lakini usidhani nilielewa palepale. Nilikuwa na kalamu, na mwenye kalamu huona haya kusema hajui. Niliandika gazetini kwamba matofali yalikuwa mabovu na saruji imeibwa. Barua ile ilikuwa tamu! Watu waliisoma kwa sauti dukani. Kisha nikashuka mjini nikawakuta vibarua wanauvunja ukuta uliolala ili watumie matofali yake upya, na nyundo zinadunda. Zinadunda, Koku! Jasho linawatoka, ukuta unawacheka. Ukuta ule haukuwa na kosa lolote. Nikaandika barua ya pili kusema nilikosea. Hiyo haikusomwa kwa sauti na mtu yeyote. Kosa lako hutembea kwa miguu yake lenyewe, na sahihisho inabidi ulibebe mgongoni wewe mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Fahamu hilo kabla hujaanza kuwa na uhakika juu ya jambo lolote.

Baada ya hapo nikaazima kila kitabu kinachozungumza habari za ardhi, nikamsumbua kila mpima miamba aliyepita hapa kwenda Karagwe. Wengine walinijibu, wengine walinikimbia. Lakini kilichonifungua macho kilikuwa debe la kahawa.

Unakumbuka ugomvi wa debe. Mkulima anajaza kahawa mpaka juu, mnunuzi analitikisa, kahawa inashuka, mnunuzi anasema "ongeza," na hapo ndipo mama zetu wanapotajwa. Kwa nini inashuka? Kwa sababu punje zilikuwa zimekaa ovyo, moja imeegemea nyingine, katikati kuna nafasi. Ukitikisa, zinatafuta kukaa karibu zaidi. Mchanga wa ziwani ndivyo ulivyo, umekaa ovyo vilevile, ila nafasi zake zimejaa maji. Tetemeko likiutikisa, punje zinataka kushuka kama kahawa, na maji yaliyo katikati hayana pa kwenda kwa haraka ile. Basi maji yanazibeba. Kwa muda huo hakuna punje inayoegemea nyingine. Zote zinaelea, na chochote kilichozitegemea kinaelea au kinazama kwa kadiri ya uzito wake. Nyumba ya matofali yenye sakafu ya saruji haielei. Mtikisiko ukiisha, maji hutafuta njia ya juu, ndiyo yale yaliyoruka uwanjani, na mchanga unatulia tena. Ukipita baadaye utaukanyaga na kuapa kwamba ni ardhi kama ardhi nyingine.

Sikudanganyi kwamba mlimani ni peponi. Mlimani nako matofali hupasuka, na bati bovu huanguka. Lakini ufa unauona, unauziba, unamlaumu fundi, maisha yanaendelea. Ardhi iliyogeuka uji utaiziba na nini?

Haya yote nilitaka Kamugisha ayajue. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Siku wazee wake walipokuja kumaliza maneno ya mahari, nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, kahawa za kutafuna zimezungushwa, kila mtu ana furaha, mimi nilikuwa nimekwisha kutuma watu walete mchanga wa ziwani. Nilihitaji chombo kikubwa cha kuutia. Nikauburuta ule mtumbwi wa mti wa kukanyagia ndizi za rubisi, nikaujaza mchanga na maji, nikauweka katikati ya wageni.

Baba mkubwa wa Kamugisha, Ta Rutashobya, mzee wa kanisa kule Ijumbi, akainama akanusa. "Ta Rwegasira, huu si mtumbwi wa pombe?"

"Umekauka tangu nilipookoka," nikasema.

"Basi umeokoka jana usiku," akasema. Watu wakacheka, nami nikacheka, na hapo ningeweza kuacha.

Sikuacha. Nilimwita mkwe wangu mbele ya watu wote. "Weka tofali hapo juu, kijana. Limekaa?"

"Limekaa, Baba."

"Libonyeze."

Akalibonyeza kwa mikono miwili. Halikusogea. Akanitazama kwa tabasamu la heshima, tabasamu la mtu anayedhani mchezo umekwisha. Nikachukua mchi nikaanza kugonga ubavu wa mtumbwi. Maji yakapanda juu ya mchanga, yakang'aa. Tofali likainama upande mmoja, likaingia ndani taratibu, kama mtu anayejifunika blanketi. Ikabaki pembe tu.

Ta Rutashobya akapiga paja. "Kamugisha! Nyumba yako imekunywa maji kabla hujaoa!" Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Binamu zake walicheka wakashikana mabega. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi una ladha, mwanangu, asikudanganye mtu.

Wewe ulikuwa ndani, hukuuona uso wake. Mimi niliuona nikauona kama uso wa mtu aliyeshindwa, na hayo ndiyo makosa ya watu wa aina yangu. Alisubiri kicheko kiishe, akasema polepole, "Mtumbwi si ziwa, Baba. Nitajenga pale pale." Juma lile lile akapigilia mambo. Angefanya nini? Kijana anakubali vipi kwamba amekosea mbele ya baba yake mkubwa, mbele ya binamu, siku ya mahari yake, mbele ya mtu anayempa mke? Hata mimi nisingekubali. Mimi ningejenga ziwani kabisa.

Usiku ule mama yako aliniuliza swali moja. "Ulitaka mchanga umshinde, au ulitaka wewe umshinde?" Kisha akageuka ukutani akalala. Mimi sikulala.

Nimepigana magomvi mengi, Koku, na mengi nilikuwa na haki. Niliwaandikia watu wa bodi ya kahawa, niliwaandikia wazee wa ukoo, nilimwandikia mchungaji juu ya urefu wa mahubiri yake. Baba yako mdogo wa Kaagya hajakanyaga mlango wangu kwa miaka kwa sababu nilimthibitishia, kwa hoja safi kabisa, kwamba mpaka wa kibanja chetu cha migomba uko pale nilipousema mimi. Mpaka uko pale mpaka leo. Kiti chake kiko wazi mpaka leo. Kesho atakuja harusini kwa ajili yako, na nimeahidi kutotaja mpaka. Utaniangalia kwa jicho moja, tafadhali.

Sisemi uache kubishana. Ungekuwa si mwanangu. Nasema hivi: ukimwonyesha mtu kwamba amekosea, mwachie na mlango wa kutokea, mwembamba hata kama ni wa kupita kuku. Mimi nilimwonyesha Kamugisha ukweli wote na nikaziba milango yote kwa mtumbwi wa rubisi.

Mama yako aliufungua mmoja, wala hakuniambia. Ulimwona akizunguka kibanja na panga, akichagua machipukizi ya migomba, akiyafunga kwa majani makavu na kuyapanga kando ya kibanda cha jiko. Ulidhani ni zawadi tu. Nami nilidhani hivyo. Kisha Kamugisha alikuja kuchukua masanduku yako, akasimama kando ya yale machipukizi, nami nikiwa dirishani hapa hapa, kalamu mkononi, ulimi katikati ya meno.

"Mama, hii ni ya bitoke au ya ndizi za kuiva?"

"Ya bitoke. Bila bitoke mtakula nini?"

"Ni mingi, Mama. Asante sana."

"Inataka udongo mweusi na samadi. Na iwe karibu na mlango wa jiko, mke asiende mbali akiwa na mtoto mgongoni."

Akaligusa moja kwa kidole cha mguu. "Mchangani itaota?"

"Sijui, mwanangu," akasema mama yako, akiendelea kufunga kamba. "Mimi sijawahi kuona."

Sijawahi kuona! Mwanamke aliyezaliwa kwenye migomba, akazalia kwenye migomba, anayejua mgomba una kiu kabla mgomba wenyewe haujajua! Nilitaka kutoka nje kueleza habari za mizizi, za rutuba, za maji ya chini. Nikauma ulimi hadi ukauma kweli. Kamugisha akasema, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Kule juu Ijumbi kuna kipande cha marehemu baba. Kimejaa magugu." Mama yako akasema magugu hung'olewa. Akampa maji ya kunywa. Yakaishia hapo.

Basi leo moyo wangu umetulia, ndiyo maana naandika kwa furaha wala si kwa hofu. Mambo za msingi ziko bado ufukoni, lakini saruji haijamwagwa, na kijana ameuliza swali lenyewe bila kusukumwa. Mtu anayeuliza kama migomba itaota ni mtu ninayeweza kumpa binti yangu. Najua biashara yake iko chini, samaki na kahawa vinapita pale pale gatini. Ajenge banda la biashara mchangani, la miti na bati, lizame likitaka, waliinue kesho yake. Mahali pa kulala watoto ni jambo jingine.

Na hao binamu waliocheka watamwuliza kwa nini amehamisha nyumba. Hapo ndipo nakuomba unikubalie jambo moja linaloniumiza: asiseme kwamba Ta Rwegasira alikuwa na haki. Aseme mke wangu anataka migomba karibu na jiko. Hakuna Mhaya atakayecheka jambo hilo, si Ijumbi, si Kaagya, si popote. Ta Rutashobya mwenyewe atatikisa kichwa kukubali na kusema huyo ni mwanamke wa nyumba. Mimi nikija kuwatembelea nitazungumza habari za mvua. Nimejaribu mbele ya mama yako, na nimeweza kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Wananiita sasa. Baba yako mdogo hakungoja kesho, ameingia uani, nimesikia kikohozi chake, na nataka nifike kwenye kile kiti chake kabla hajafika ili nikifute vumbi mimi mwenyewe.

Basi nisikilizeni nyinyi wawili, Kokushubira na Kamugisha, kwa maana najua utamsomea. Kesho machipukizi yatapakiwa mwisho ili yashushwe kwanza. Msiyapitishe ufukoni. Pandeni juu Ijumbi nayo, ng'oeni magugu ya marehemu, chimbeni mashimo, yapandeni. Kisha shuka wewe Kamugisha, peke yako, bila mzee, bila binamu, bila mimi, ukang'oe mambo zako mchangani, ukazipigilie pale mlango wa jiko utakapoyatazama yale machipukizi. Fanyeni hivyo kabla mvua haijaanza, na mkiisha, msiniandikie kwamba nilishinda. Nileteeni mkungu wa kwanza.

Baba yako